Asidi ya Foliki kwa Mjamzito: Muda na Kipimo Ndivyo Vinavyoamua Manufaa

Vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki vimezoeleka kiasi kwamba wajawazito wengi huvipokea bila kuuliza vina kazi gani. Asidi ya foliki ni mojawapo ya vitamini B. Mwili huihitaji ili kutengeneza damu na chembehai mpya, na mahitaji hayo huongezeka mara mimba inapotungwa.

Kazi yake kubwa zaidi hufanyika mapema mno. Sehemu ya mtoto inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambao mama wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Isipojifunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, tatizo ambalo mara nyingi huambatana na kichwa kujaa maji. Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mwanamke aanze kutumia mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku tangu anapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12. Mama anayefika kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa nne bado hunufaika kwa kukingwa na upungufu wa damu, lakini fursa ya kuzuia mgongo wazi huwa imekwisha kupita.

Mama aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 1991 ulionesha kuwa miligramu 4 kwa siku zilipunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa tatizo kujirudia. Hata hivyo, kipimo cha aina hiyo huandikwa na daktari, wala si cha kujinunulia.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika zaidi. Katika maduka ya dawa hupatikana pia kidonge cha miligramu 5, ambacho hutumiwa, pamoja na mambo mengine, na wagonjwa wa selimundu. Kidonge hicho kimoja kina zaidi ya mara 12 ya kipimo cha kawaida cha mjamzito. Hatari yake inahusu malaria: dawa ya SP ambayo mjamzito humeza kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili hufanya kazi kwa kuwazuia vimelea kujitengenezea foleti. Asidi ya foliki inapozidi, nguvu ya dawa hiyo hupungua. WHO inaeleza kuwa miligramu 0.4 zinaweza kutumika pamoja na SP bila tatizo, lakini miligramu 5 au zaidi hazipaswi kutolewa pamoja nayo. Kumwuliza mfamasia au muuguzi kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni haki ya mjamzito, wala si usumbufu.

Kwa mtu mzima asiye na maelekezo ya daktari, kiwango cha juu kinachoshauriwa kutokana na vidonge na vyakula vilivyoongezwa virutubishi ni miligramu 1 kwa siku. Kipimo kikubwa huweza kurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa vitamini B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kudhurika kimyakimya. Ganzi ya mikono au miguu isichukuliwe kuwa uchovu tu.

Wanawake wanaotumia dawa za kifafa wamwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo, hususan valproeti, huongeza hatari ya mgongo wazi. Hawapaswi kuziacha wenyewe.

Kinyesi kuwa cheusi baada ya kumeza vidonge vyenye madini chuma ni kawaida. Kichefuchefu hupungua vikimezwa pamoja na chakula au kabla ya kulala, na chai au kahawa isinywewe karibu na muda huo kwani hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Vihifadhiwe mbali na watoto. Chuma kingi humdhuru mtoto vibaya. Dozi iliyosahaulika isifidiwe kwa kumeza vidonge viwili siku inayofuata.