Kazi ya Wengi Isiyo na Bwana Mmoja

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: programu, kiraka, mtunzaji, kumbukumbu. Darasa lisome kwa pamoja mara mbili, halafu tuanze. Maneno hayo tutayakuta mbele.

Ninyi mlio Mgori na vijiji vya jirani mwaujua msitu wenu kuliko mimi ninayesema redioni. Lakini sikilizeni, maana yaliyofanyika hapo mwaka 1995 yamesomwa na mabwana misitu wa nchi nyingi. Msitu wa Mgori ni wa miombo, nao una ukubwa wa hekta 40,000 hivi. Hapo kwanza serikali ilikusudia kuufanya msitu wa hifadhi wa serikali, wenye walinzi wa serikali. Baadaye shauri likabadilika. Kazi ya kuutunza iliwekwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyoupakana: Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamghanga.

Hakuna kijiji hata kimoja kati ya hivyo kilichofanywa bwana wa vingine. Kila kijiji kilishika upande wake wa msitu, kikachagua kamati yake, kikatoa walinzi wake, kikaandika sheria zake ndogo. Sheria hizo zilisema nani aweza kuokota kuni au kutundika mizinga ya nyuki, na mtu akikata mti bila ruhusa atozwe nini. Mipaka kati ya pande hizo ilibidi ijulikane. Neno hili la mipaka ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ukiwaambia watu elfu moja, "Ulindeni msitu huu wote," kila mmoja atadhani mwenzake yuko zamu. Lakini ukiwaambia watu wa kijiji kimoja, "Kutoka korongo hili mpaka kilima kile ni kwenu," basi mkaa ukichomwa hapo, yajulikana wa kuulizwa ni nani.

Sasa tuuache msitu kidogo, tutazame jambo la mbali.

Kompyuta ni mashine isiyojua kufanya lolote mpaka iandikiwe maagizo. Maagizo hayo ndiyo huitwa programu. Simu ya mkononi nayo ni kompyuta ndogo, nayo ina programu ndani yake. Makampuni mengi huficha maandishi ya programu zao, kama mganga afichavyo dawa yake: wewe wauziwa kuitumia tu, huonyeshwa jinsi ilivyotengenezwa. Lakini ziko programu nyingine ambazo maandishi yake yamewekwa wazi. Kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyanakili, kuyatengeneza na kuwapa wengine. Hizo twaziita programu huria.

Inayojulikana kuliko zote ni Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchi ya Finland, jina lake Linus Torvalds. Simu zote za Android zina Linux ndani yake, kwa hiyo yamkini iko mfukoni mwa mtu mmoja darasani humu. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo lina kazi ya watu zaidi ya 1,000, waliokaa nchi mbalimbali. Wengi wao hawajaonana hata siku moja. Baadhi hufanya kwa kupenda tu. Wengine, tena ni wengi, hulipwa mshahara na makampuni yanayoshindana sokoni.

Mtauliza: watu elfu moja waandike kitabu kimoja, kisiharibike?

Jibu lake halitawashangaza watu wa Mgori. Kwanza, kazi imegawanywa pande. Upande mmoja ni wa kuhifadhi maandishi, mwingine wa kupeleka habari kutoka mashine hii hata ile, mwingine wa sauti, na kadhalika. Kila upande una mtunzaji wake, pengine wawili watatu. Ndani ya Linux mna orodha iliyo wazi kwa kila mtu, iandikayo upande fulani mtunzaji wake ni fulani. Mgeni hahitaji kuuliza njiani, atasoma orodha.

Pili, hakuna aingiaye na shoka lake. Mtu akiona kasoro, hatengenezi moja kwa moja. Huandika sahihisho lake, kisha hulipeleka kwa mtunzaji. Sahihisho hilo huitwa kiraka, na jina hilo lafaa sana, kwa kuwa ni kipande kidogo cha kushonea penye tundu. Mtunzaji hukisoma mbele ya wote. Wengine pia hukisoma na kusema neno lao. Hukubaliwa, au hurudishwa kikashonwe upya, au hukataliwa kabisa. Vilivyokubaliwa vya upande mmoja hukusanywa na kupelekwa juu, mpaka vifike kwa Torvalds mwenyewe. Husemwa mara nyingi kwamba kazi za namna hii hazina viongozi. Mimi sikubali. Viongozi wapo wengi, ila kila mmoja ana mpaka wake.

Tatu ni kumbukumbu. Mwaka 2005 Torvalds alitengeneza programu nyingine iitwayo Git, ambayo kazi yake ni kuandika daftari: nani alibadili mstari gani, lini, na kwa sababu gani. Tena daftari hilo halikai kwa karani mmoja. Kila mfanyakazi aliyechukua nakala ya kazi anayo nakala ya daftari lote, tangu ukurasa wa kwanza. Nyumba ya mmoja ikiungua, historia haikuungua.

Kazi za namna hii zimefika kwetu pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri programu huria ya kuandikia barua na hesabu, OpenOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi, hapakuwa na haja ya kumwomba tajiri yeyote akubali Kiswahili. Na mwaka 2015 huko Dar es Salaam ilianza kazi ya Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo pamoja na wananchi walitembea kata kwa kata, wakaandika nyumba, njia na mifereji, hasa mahali panapoingia mafuriko. Ramani waliyoichora iliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu aweza kuisahihisha. Hapo napo, wa mtaani ndiye ajuaye mfereji unaziba wapi.

Yako, hata hivyo, mambo mawili ambayo programu haifanani na msitu. La kwanza: msitu haunakiliki. Watunzaji wa programu wakigombana na mwenye mamlaka, waweza kuchukua nakala nzima na kwenda kujenga kwingine. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ilipokuwa imeinunua kampuni iliyoisimamia OpenOffice, wengi wa wafanyakazi wake hawakuridhika. Wakajitenga mwezi wa Septemba na nakala yao, wakaiita LibreOffice, nayo ipo mpaka leo. Watu wa Mgori hawana nafuu hiyo. Miti ikiisha, hakuna nakala.

La pili: mti ukikatwa hupungua, lakini programu haipungui hata itumiwe na watu milioni mia. Kipunguacho ni nguvu za mtunzaji. Hapa ndugu zangu, tegeni masikio.

Kulikuwa na programu moja ndogo iitwayo xz, ya kubana maandishi yachukue nafasi ndogo. Kompyuta nyingi sana za dunia ziliitegemea. Mtunzaji wake, kwa miaka mingi, alikuwa mtu mmoja tu, asiyelipwa. Akachoka, na mwaka 2022 alisema waziwazi kwamba hali yake si nzuri na kwamba kazi hiyo aifanya bila malipo. Wakati huo watu wasiojulikana walikuwa wakimsukuma kwa barua: mbona wachelewa, mbona humpi mwingine nafasi? Na msaidizi alikuwa tayari. Alijiita Jia Tan. Alikuwa mpole, mwenye bidii, viraka vyake vizuri. Kidogo kidogo akaaminiwa, mwisho akapewa funguo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mtu huyo aliingiza ndani ya xz mlango wa siri, ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta za watu wengi bila ruhusa. Alikuwa hasa ni nani, haikujulikana. Ulifichuliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia katika mashine yake kumechelewa kama nusu ya sekunde. Nusu ya sekunde! Akafuatilia, akafungua maandishi, akakuta uovu, na tarehe 29 Machi 2024 akawatangazia wote. Aliweza kwa sababu maandishi yalikuwa wazi na kumbukumbu ilikuwapo. Lakini pande zote mbili za habari hii ni za kweli: mtu wa nje alimwona mwizi, na mwizi aliingia kwa kuwa zamu ilikuwa ya mtu mmoja aliyechoka, na hakuna aliyemuuliza hali.

Basi sasa mwalimu, zima redio, ligawe darasa makundi ya watu watano watano, yazungumze maswali haya.

Katika kijiji chenu, zamu ipi imeachiwa mtu mmoja kwa miaka mingi: pampu ya maji, daftari la ushirika, ufunguo wa ghala?

Mgeni mwenye bidii akija kuomba kusaidia kazi hiyo, mtampa lipi kwanza, na baada ya muda gani mtampa funguo?

Mipaka ya pande za msitu imeandikwa wapi, na nani darasani amewahi kuisoma?

Kisha kila mmoja achukue kalamu, aandike katika daftari lake kazi moja ambayo aijua yeye peke yake hapo kijijini, na chini yake jina la mtu atakayemfundisha.