Gari Kuukuu Haliuawi na Kilomita

Wasomaji huniuliza swali moja kwa namna nyingi: gari langu limeshatembea kilomita laki mbili na ushee, nibaki nalo au niliuze kabla halijanifia mikononi? Jibu langu huwakera baadhi yao, kwa sababu ile namba siiangalii kwanza. Huanza kuuliza ni lini mara ya mwisho mwenye gari alifungua boneti kwa mkono wake mwenyewe.

Namba ya kilomita ina kasoro mbili. Kwanza, hurudishwa nyuma kirahisi, na biashara hiyo haikuanza leo. Kule Japani cheti cha ukaguzi wa gari huandikwa kilomita, kwa hiyo mwenye makaratasi kamili anaweza kulinganisha. Asiye nayo atazame mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Pedali iliyolika mpaka chuma kinachungulia si ya gari lenye kilomita 70,000, dashibodi iseme inavyotaka. Pili, kilomita hazilingani uzito. Gari linalokwenda Dodoma na kurudi kwa mwendo wa wastani huchoka kidogo kuliko lile linaloshinda kwenye foleni ya Kimara au Mbagala jijini Dar es Salaam, injini inanguruma, kiyoyozi kinafanya kazi, na magurudumu hayasogei. Saa hizo za kusimama hazihesabiwi popote.

Na sisi tunaishi na magari ya umri mkubwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Ndiyo maana Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, bado imejaa mitaani Dar es Salaam. Niitumie hiyo kama mfano, kwa kuwa injini yake ya 1NZ-FE ya lita 1.5 ndiyo iliyomo pia kwenye Premio, Allion, Probox na Spacio nyingi. Ni injini yenye cheni ya taimingi badala ya mkanda, na ikitunzwa hupita kilomita 300,000 bila kufumuliwa. Inayokufa mapema, kwa nilivyoona, imekufa kwa kuchemsha au kwa kukauka oili.

Tuanze na joto. Gari linalochemsha likifika kwa fundi wa chini ya mwembe, kitu cha kwanza kutolewa ni termostati. Utaambiwa kidude hicho ni cha nchi za baridi, hapa kwetu kinazuia maji bure. Ni ushauri wa hasara, na umezoeleka kiasi kwamba magari mengi hayana termostati na wenyewe hawajui. Kazi yake ni kuyafungia maji ndani ya injini mpaka yafike joto linalotakiwa, ambalo kwa 1NZ-FE ni kati ya nyuzi 80 na 84, kisha inafunguka na kuyaruhusu yapite kwenye rejeta. Ikiondolewa, injini hukawia kupata joto, na katika barabara ya mwendo wa kasi huenda isilifikie kabisa. Kompyuta ya gari inasoma kwamba injini bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Unyevu na petroli vinavyovuja kuingia kwenye oili havipati joto la kuvikausha, na oili inageuka kuwa matope meusi chini ya kava. Wakati huohuo ugonjwa wenyewe umebaki palepale: rejeta iliyoziba, mota ya feni iliyokufa, pampu ya maji inayovuja, au mfuniko wa rejeta uliolegea. Siku ya kupanda mlima Kitonga na abiria wanne na mizigo, litachemsha tena.

Huo mfuniko unadharauliwa mno. Una springi na mpira unaoshikilia mgandamizo wa takriban baa 1 juu ya ule wa hewa ya kawaida, na kwa mgandamizo huo maji huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Springi ikichoka, kinga hiyo ya nyuzi 20 inapotea. Ukiona chupa ya akiba inafurika injini ikiwa ya moto, halafu rejeta ina pengo asubuhi, nunua mfuniko mpya kabla hujaruhusu mtu afungue silinda hedi. Ni miongoni mwa sehemu za bei ndogo nitakazozitaja leo.

Halafu maji yenyewe. Bloku na hedi ya injini hii ni za alumini, na alumini haipatani na maji ya kisima cha pwani yenye chumvi. Kulanti ina kazi mbili: kupandisha kiwango cha kuchemka, na kuzuia kutu na magamba. Hiyo ya pili ndiyo tunayoihitaji zaidi huku kwetu. Kulanti ya waridi ya Toyota hubadilishwa mara ya kwanza kwa kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000, kwa hiyo gari la miaka 20 lilipaswa kuwa limeshabadilishiwa zaidi ya mara moja. Ukishindwa bei ya iliyokwisha changanywa, nunua ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Kopo la bei rahisi ya kushangaza huwa ni maji ya rangi.

Jambo moja zaidi kuhusu joto, na hili limekula hedi nyingi. Baadhi ya Toyota ndogo hazina geji ya joto, zina taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemsha. Taa nyekundu ikiwaka, umeshachelewa kiasi. Mbaya zaidi, maji yakiisha kabisa kihisi kinabaki kwenye mvuke na hewa, usomaji wake hauaminiki tena, na taa inaweza kuzimika wakati injini inaungua. Dereva anashukuru Mungu, anaendelea na safari. Ikiwaka, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho kama ipo, tafuta pa kusimama salama na uzime injini. Usifungue mfuniko mpaka rejeta ishikike kwa mkono, wala usimwage maji baridi ndani ya injini ya moto. Hedi ya alumini ikipinda hata sehemu ndogo ya milimita, gasketi haishiki tena. Zile “kilomita mbili tu nifike nyumbani” ndizo zinazogharimu kuchonga hedi, gasketi mpya na siku kadhaa gereji.

Sasa oili. Watu hubishana kuhusu chapa, na wachache hupima kiwango. Injini ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Vitabu vya Toyota vinakubali kwamba injini inaweza kula hadi lita moja kwa kilomita 1,000 na bado ihesabiwe iko ndani ya mpaka. Fanya hesabu mwenyewe: gari lenye ringi zilizochoka, linalokula kiasi hicho, na mwenyewe amebandika karatasi ya kumwaga oili kila kilomita 5,000. Oili itakwisha kabla karatasi haijafika mwisho wake. Na taa ya oili haipimi kiasi kilichobaki. Inapima mgandamizo, hivyo huwaka pampu ikishaanza kunyonya hewa. Cheni ya taimingi nayo inavutwa na tensheni inayotegemea mgandamizo huohuo. Ile kelele ya kama minyororo unapowasha asubuhi mara nyingi imeanzia hapo.

Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kila unapojaza mafuta, gari likiwa kwenye tambarare na limezimwa dakika chache. Andika kwenye daftari umeongeza kiasi gani na kwa kilomita ngapi. Gari linalokula nusu lita kwa kilomita 2,000 halihitaji kufumuliwa injini. Linahitaji mwenye kopo la akiba kwenye buti. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu na kupotea mara nyingi ni sili za valvu. Unaoendelea kila unapokanyaga ni ringi, na hapo omba kipimo cha kompresheni kabla ya kukubali bei yoyote.

Kuhusu uzito wa oili, msimamo wangu ni huu: kaa na uzito ulioandikwa kwenye kitabu, kwa kawaida 5W-30 au 10W-30. Linalokula sana, 10W-40 nitaivumilia. Ile 20W-50 inayopendekezwa kwa “injini iliyochoka” hupunguza kelele na moshi kwa muda, lakini injini yenye VVT-i, mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka, ina njia nyembamba za oili, na oili nzito hukawia kufika juu unapowasha. Wauzaji wa magari wanaipenda kwa sababu ile ile unayopaswa kuiogopa: inaficha.

Gia boksi ya otomatiki sitaikalia sana. Ule usemi kwamba ukibadilisha hidroliki, yaani oili yake, gia boksi inakufa una chembe ya ukweli: iliyotelekezwa miaka yote huwa imeshachakaa ndani, na kusukuma oili yote kwa mashine kunaweza kuisumbua. Kumwaga kawaida hutoa sehemu tu ya oili, nyingine inabaki kwenye konveta. Fanya hivyo mara mbili au tatu, ukitembeza gari wiki kadhaa katikati, na uweke aina iliyoandikwa kwa gari hilo. Hidroliki ya otomatiki ya kawaida kwenye gia boksi ya CVT ni hukumu ya kifo.

Breki na tairi hazina mjadala wa bajeti. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi; kiwango cha chini kinachokubalika ikishanyonya maji ni nyuzi 140, na joto hilo linapatikana kirahisi unaposhuka mteremko mrefu mguu ukiwa kwenye breki. Pedali inazama, gari halisimami. Badilisha kila miaka 2. Tairi nazo zina tarakimu nne za mwisho kwenye ule mwandiko wa DOT: 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zenye kashata nzuri lakini zenye umri wa miaka 10 zimeshakauka, hata kama zinang’aa.

Bushi, tairodi na shokapu ni suala la subira. Gari likigonga, fundi mvivu atakuorodheshea kila kitu cha mbele. Mwambie alinyanyue, atikise kwa mtaimbo, akuonyeshe kilicholegea. Anza na kinachoshika gurudumu, yaani bolijointi na tairodi. Kelele ya linki ya stabilaiza inaweza kungoja mshahara ujao.

Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kusoma kodi za hitilafu hutaja dalili, haitaji kipuri. Kodi P0171 inasema hewa imezidi petroli. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, kihisi cha hewa chenye vumbi, au pampu ya mafuta dhaifu. Anayesoma kodi na papo hapo kukutuma sokoni Kariakoo kununua kihisi cha oksijeni anacheza bahati nasibu kwa pesa zako.

Kwenye vipuri, tofautisha. Mlango, taa, kioo cha pembeni, altaneta, hata injini nzima: vya “used” kutoka Japani au Sharjah huwa bora kuliko vipya bandia. Breki pedi, mikanda, pampu ya maji, termostati, plagi na mipira usinunue vilivyotumika, kwa sababu unanunua muda ambao mwenzako ameshautumia. Pesa ya haya yote itoke kwenye mafuta: kila ukijaza petroli ya shilingi 40,000, weka 10,000 pembeni. Asiyeweza kuweka hiyo robo, gari hilo limemzidi, na ni heri alijue mapema.

Bado kuna gari la kuachana nalo, na mara nyingi tatizo lake si injini. Injini ikifa, utapata nyingine na kazi itakwisha ndani ya siku chache. Kumbuka tu kwamba kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) ukarekebishe taarifa kabla hujakutana na askari au mnunuzi. Kutu ya chini ndiyo isiyo na mwisho. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, hufika hapa yakiwa yameshaanza kuoza, na hewa ya bahari inamalizia. Kabla hujalipa malipo ya kwanza ya kubadilisha injini, lipandishe gari juu, chukua bisibisi, ugonge pale jeki inapokaa na pale shokapu inaposhikia bodi. Bisibisi ikipenya, usilipe. Uza vipuri vilivyo vizima, na pesa ya injini anzia nayo gari jingine.