Ruhusa za Faili na Folda: Maneno na Matumizi Yake katika Ofisi za Nachingwea na Ruangwa

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyogawa ruhusa za kufungua, kubadili na kuondoa maandishi yaliyohifadhiwa ndani yake, na kuyapima maneno ya Kiswahili yanayotumika kwa jambo hilo. Mifano imechukuliwa katika wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, yaani Nachingwea na Ruangwa, kwa sababu huko kuna shughuli mbili ambazo neno likieleweka vibaya laweza kumgharimu mtu shamba lake au malipo yake ya mwaka mzima. Shughuli hizo ni daftari la ardhi ya kijiji, na hesabu za korosho na ufuta.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yaitaka halmashauri ya kijiji kuwa na daftari la ardhi, na mtendaji wa kijiji ndiye mtunzaji wake. Hati ya hakimiliki ya kimila hutiwa sahihi na mwenyekiti na mtendaji; mwenye ardhi naye hutia sahihi au dole gumba; kisha afisa ardhi wa wilaya huitia sahihi, huipiga muhuri na kuisajili. Basi karatasi moja yapita mikono minne, na hapana mkono ulio badala ya mwingine. Kwa upande wa mazao, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikapimwa, naye akapewa stakabadhi. Mzigo huenda ghala kuu, ukauzwa mnadani kupitia Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kwa silabi za kwanza za Ruangwa, Nachingwea na Liwale; halafu fedha humrudia mkulima kwa njia ya benki. Orodha ya majina na kilo, ambayo zamani ilikuwa katika kitabu cha karani, leo mara nyingi huwekwa katika kompyuta. Swali la nani aisome na nani aibadili si swali la mafundi peke yao.

Kabla ya kuingia katika kiini, yatupasa kuondoa tatizo moja la lugha. Katika masjala ya serikali, faili au jalada ni jamvi la karatasi nyingi: ndani yake mna barua na madokezo, kila ukurasa ukiwa na namba yake ya folio. Katika kompyuta mambo yamegeuka. Kinachoitwa faili ni ule waraka mmoja, na kile kinachobeba nyaraka nyingi huitwa folda. Kwa hiyo faili ya masjala ni folda ya kompyuta, na folio ya masjala ndiyo faili ya kompyuta. Mtumishi aliyezoea masjala akiambiwa kwamba “faili imefungwa” hufahamu kwamba jalada zima limefungwa, kumbe ni ukurasa mmoja tu uliofungwa na jamvi liko wazi. Katika makala haya nitatumia jalada kwa kitu cha karatasi, na faili na folda kwa vitu vya kompyuta. Wako waliopendekeza kabrasha kwa folda, nalo ni neno zuri. Lakini watu wamekwisha kuishika folda, na sioni faida ya kuwapokonya.

Haja ya ruhusa ilizaliwa siku watu wengi walipoanza kutumia mashine moja. Katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Fernando Corbató na wenzake waliunda mfumo uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na neno lake la siri. Corbató alisimulia baadaye kwamba siku moja wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili tofauti kwa wakati mmoja, mafaili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia katika mfumo akaonyeshwa orodha ya maneno ya siri ya watu wote mahali pa tangazo la siku. Hapakuwa na mwizi. Tatizo lilikuwa kwamba mfumo haukutazamia watu wawili wafanye kazi ile mahali pamoja. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix katika maabara za Bell, na mpango wake wa ruhusa, ulio mfupi na wa wazi, ungali unatumika mpaka leo katika mashine nyingi zinazohifadhi taarifa za ofisi na mabenki.

Mpango huo unatambua watu wa namna tatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Kwa kila mmoja kuna matendo matatu, yaani kusoma, kuandika na kuendesha. Kusoma hupewa thamani ya 4, kuandika 2, na kuendesha 1, na ruhusa za mtu ni jumla ya thamani hizo. Uzuri wa namba hizi ni kwamba hakuna jumla inayoweza kupatikana kwa njia mbili: 6 haiwezi kuwa kitu kingine ila kusoma na kuandika, na 5 ni kusoma na kuendesha. Basi faili ya orodha ya kilo iliyoandikwa 640 ina maana hii: karani aliyeitengeneza aweza kuisoma na kuiandika, wajumbe wa bodi ya chama waliowekwa katika kikundi waweza kuisoma tu, na wengine hawana kitu. Kompyuta huanza kuuliza kama anayebisha ni mwenye faili. Akiwa ndiye, hupewa ruhusa za mwenye na swali huishia hapo, hata kama kikundi kimepewa zaidi. Kwa hiyo yawezekana kabisa mwenye faili akanyimwa kile ambacho kikundi chake kimeruhusiwa. Wanafunzi husita wanapoambiwa hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Tendo la tatu ndilo linalotaka kuangaliwa na wataalamu wa lugha. Kwa faili, kuendesha ni kuiamuru kompyuta itimize maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Lakini folda haiendeshwi. Alama hiyo hiyo ikiwekwa juu ya folda maana yake ni kupita: mtu aruhusiwa kuvuka folda hiyo na kukifikia kilichomo, kama akijua jina lake. Kiingereza kimefungwa na herufi moja kwa maana zote mbili, na baadhi ya tafsiri za Kiswahili zimeichukua shida hiyo kama ilivyo, zikasema “kutekeleza folda,” maneno ambayo hayana maana kwa msikilizaji. Sisi hatuna sababu ya kufungwa. Tuseme kuendesha kwa faili, na kupita kwa folda. Mswahili anayajua mambo haya tangu utoto: mgeni akipiga hodi na kuitikiwa, aweza kuruhusiwa kupita ukumbini mpaka uani bila ya kuruhusiwa kuchungulia vyumba. Kupita bila kusoma ndiko huko. Mtu mwenye ruhusa ya kupita tu haoni orodha ya vilivyomo katika folda. Akilijua jina la faili aliyoagizwa, huiendea moja kwa moja.

Sasa tufike penye hatari yenyewe. Kuandika katika faili ni kubadili maneno yaliyomo. Kuandika katika folda ni kuongeza, kubadili jina na kufuta vilivyomo. Hizi ni ruhusa mbili zilizo mbali, na wengi hudhani ni moja. Tuchukue mfano wa chama cha msingi chenye kompyuta moja. Katibu ameifunga orodha ya kilo isiandikwe na mtu yeyote ila yeye, akaridhika. Lakini folda iliyobeba orodha ameiacha wazi kwa makarani wote, ili waweze kuweka humo taarifa zao za kila siku. Karani yeyote, ambaye hawezi kubadili hata nukta moja ndani ya orodha, aweza kuifuta orodha nzima na kuweka nyingine yenye jina lile lile. Mfumo hautamzuia, kwa maana kufuta ni tendo juu ya folda, si juu ya faili. Atakayefungua kesho ataona jina alilolizoea, wala hatakuwa na sababu ya kushuku.

Masjala ya karatasi ilikuwa na kinga dhidi ya jambo hili. Folio ina namba. Ikichomolewa, pengo huonekana, kwani baada ya 17 inafuata 19. Kadhalika jalada likitolewa rafuni huandikwa katika daftari limekwenda kwa nani na siku gani, na majalada ya siri yalikuwa na masjala yao mbali na masjala ya wazi. Kompyuta nayo ina kinga zake, ila hazijiweki zenyewe. Folda yaweza kutiwa alama ya pekee, ili mtu asiweze kufuta humo ila kitu alichokitengeneza mwenyewe, ukimtoa mwenye folda na msimamizi. Mfumo waweza pia kuagizwa kuandika kila kitendo na jina la aliyekitenda. Kwa ajili hiyo napendekeza kwamba, tukieleza ruhusa za folda kwa Kiswahili, tusiseme kuandika. Tuseme kutia na kutoa. Mwenye kusikia kwamba makarani wote wana ruhusa ya “kutia na kutoa” atashtuka mapema, kabla ya msimu wa korosho.

Maneno mengine manne huchanganywa kila siku: ruhusa, idhini, kibali na mamlaka. Yote yametufikia kwa njia ya Kiarabu, na katika mazungumzo hubadilishana nafasi bila madhara. Katika kazi hii yafaa yatengwe. Ruhusa iwe ni lile tendo moja moja linalokubaliwa: kusoma, kuandika, kuendesha, kupita. Idhini iwe ni uamuzi wa mkubwa kwamba fulani apewe ruhusa hizo. Kibali ni ule waraka unaoonyesha idhini. Mamlaka ni uwezo wa kuwagawia wengine ruhusa na kuwanyang'anya. Katika Unix mamlaka juu ya faili ni ya mwenye faili na ya msimamizi wa mfumo peke yao. Mbali na yote hayo kuna uthibitisho, yaani kuionyesha kompyuta kwa nywila kwamba wewe ndiye fulani. Uthibitisho hujibu swali “nani?” na ruhusa hujibu swali “afanye nini?” Ofisi ambayo watu watano wanaingia kwa jina moja na nywila iliyobandikwa ukutani imelifuta swali la kwanza, na la pili nalo limekufa pamoja nalo. Wala si jambo dogo kisheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, lakini kosa litathibitishwaje ikiwa watano wana jina moja?

Katika kompyuta za Windows, ambazo ndizo nyingi maofisini, mpango ni mpana zaidi. Tangu Windows NT ya mwaka 1993, kila faili yaweza kuwa na orodha ya watu na vikundi, kila mmoja na alichoruhusiwa au alichokatazwa. Folda ya ndani hurithi ruhusa za folda iliyoibeba, isipokuwa urithi ukikatwa. Neno urithi lina mwangwi wa pekee katika nchi hii ya kusini, kwa kuwa kwa mila za Wamwera, Wamakonde na Wayao urithi ulifuata upande wa mama; hivyo fundi anayesema “folda mama” hueleweka upesi kuliko anayetafuta jina jingine. Yafaa kujua pia kwamba faili ikinakiliwa kwenda folda nyingine hupata ruhusa za folda mpya, lakini ikihamishwa ndani ya diski hiyo hiyo huondoka na ruhusa zake za zamani. Waraka wa siri ulionakiliwa katika folda ya wazi huwa wa wazi.

Hapo ndipo inapoingia flashi. Katika miji midogo, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, waraka husafiri mfukoni kama unavyosafiri kwenye waya. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT au exFAT, usiohifadhi ruhusa hizi hata kidogo. Orodha ya wenye mashamba, yenye majina na mipaka, ikitiwa humo ipelekwe duka la steshenari kuchapishwa, huko haina mwenye, haina kikundi, wote ni “wengine,” na wote waweza kusoma na kuandika. Nakala nayo yaweza kubaki katika kompyuta ya dukani. Ruhusa zimeandikwa katika diski, hazikuandikwa katika maneno. Kinga ya safari ni kuufunga waraka wenyewe kwa usimbaji, ili usisomeke bila ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Nayo haibagui taarifa iliyoko mezani na iliyoko mfukoni.

Limebaki neno mwenye. Kompyuta humwita mwenye faili yule ambaye jina lake la kuingilia ndilo lililoitengeneza. Lakini mtendaji wa kijiji si mwenye daftari la ardhi. Ameshika dhamana tu, na daftari ni la kijiji. Mtendaji akihamishwa kutoka kijiji cha Ruangwa kwenda kijiji cha Nachingwea, mafaili yote aliyoyatengeneza yatabaki na jina lake, na mamlaka ya kugawa ruhusa yatabaki kwake. Mrithi wake atakuwa mmoja wa kikundi, pengine na 4 peke yake: aweza kuzisoma hati za kijiji chake asiweze kuziandikisha. Kwa hiyo ni afadhali mafaili ya ofisi yaundwe kwa jina la cheo, au yawekwe chini ya kikundi cha ofisi. Nionavyo mimi, katika vitabu vya mafunzo neno mshika dhamana lingefaa kuliko mwenye. Kubadili jina la mwenye katika Unix hufanywa na msimamizi wa mfumo, hata mwenye wa zamani hawezi kulifanya mwenyewe. Katika hati ya makabidhiano, pamoja na muhuri, funguo za kabati na idadi ya majalada, panahitajika mstari mmoja wa kutaja folda zilizokabidhiwa, jina jipya la mwenye, na sahihi ya msimamizi aliyelibadili.