DAWA YA PAMBA IKIFIKA MTONI

Ndugu msomaji, asubuhi umenyunyiza dawa ya kuua wadudu katika pamba yako. Jioni mvua kubwa imenyesha. Je, dawa ile imekwenda wapi?

Wengine husema, "Imekwisha, mvua imeiosha." Lakini kuoshwa si kwisha. Maji huitoa dawa kwenye majani na udongo, huipeleka kwenye mfereji, na mfereji huipeleka mtoni. Mto Simiyu, kwa mfano, hupita katika sehemu zinazolima pamba, kisha huingia Ziwa Victoria. Njiani watu huchota maji, ng'ombe hunywa, na watoto huoga.

DAWA HUPOTEZAJE NGUVU?

Vitu vitatu huivunja dawa vipande vidogo vidogo.

Cha kwanza ni jua. Dawa ya pareto huharibika upesi sana juani.

Cha pili ni maji yenyewe. Dawa ya malathioni ikikaa majini huvunjika kidogo kidogo, kwa siku kadhaa au majuma kadhaa.

Cha tatu ni vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaoishi katika udongo na maji. Hao huila dawa kama mchwa wanavyokula mti.

Kazi hiyo yataka muda. Mvua ikinyesha siku ile ile, dawa hufika mtoni ikiwa bado kali. Ikiingia kisimani au kwenye tope zito, hukawia kuvunjika, kwa sababu huko hakuna jua, na hewa ni kidogo.

KUGEUKA SI KWISHA

Dawa nyingine hazivunjiki upesi. DDT yaweza kukaa udongoni miaka mingi. Hushikamana na udongo, na mvua ikichukua udongo huichukua na DDT. Samaki huipata, nayo hukaa katika mafuta ya mwili wake. Ndiyo maana mwaka 2001 mataifa yalipatana mjini Stockholm kwamba DDT isitumike mashambani.

Dawa ya endosulfani ikivunjika hugeuka kuwa sumu nyingine, nayo ni kali pia. Mwaka 2011 mataifa yaliiongeza katika orodha ya dawa za kukomeshwa.

JE, KUCHEMSHA MAJI KUNATOSHA?

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara. Endelea kuchemsha. Lakini usitegemee moto kuondoa sumu ya shambani. Maji yakipungua sufurianini, sumu yaweza kubaki. Dawa ya kweli ni kuzuia sumu isifike kwenye maji.

FANYA HIVI

1. Usinyunyize kukiwa na dalili ya mvua au upepo mkali.
2. Tumia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usizidishe.
3. Usioshe bomba mtoni wala kisimani. Lioshe shambani, mbali na maji.
4. Lima kwa matuta yanayokata mteremko. Acha majani yaote kando ya mto, yazuie udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kingo za mto ziachwe meta 60.
5. Chupa ya dawa isichotewe maji wala kuwekewa mafuta ya kula, hata ikioshwa mara kumi.
6. Ukiona samaki wanaelea wamekufa, usiwaokote kwa kitoweo. Mwarifu Bwana Shamba na viongozi wa kijiji.

Mtu akitokwa na mate na jasho jingi, akitapika, akitetemeka au akipumua kwa shida baada ya kushika dawa au kunywa maji yenye dawa, mpelekeni zahanati mara moja. Chukueni na chupa ya dawa, mganga aione.

Ndugu mkulima, maji yanayotoka shambani kwako ndiyo anayokunywa jirani yako wa bondeni. Na wewe wakunywa yanayotoka kwa jirani wa juu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja vitu vitatu vinavyovunja dawa.
2. Kwa nini kuchemsha maji hakutoshi?
3. Hapa kijijini mabomba huoshwa wapi? Tufanyeje?