Ushahidi wa Tope la Ziwa

Ipo kadhia ambayo watu wengi wa Kanda ya Ziwa huisimulia kama jambo lililokwisha kuhukumiwa zamani, nayo ni kwamba sangara, samaki mgeni, alitiwa katika Ziwa Victoria zama za ukoloni, akawala furu wa asili hata wakakaribia kwisha, akayachafua maji, akawatajirisha wenye viwanda, na wenyeji akawaachia mapanki. Hakuna katika masimulizi hayo neno lililo uzushi mtupu. Walakini mtu akitaka kujua lipi lilitangulia na lipi lilifuata, lipi lilikuwa sababu na lipi matokeo, ataona kwamba elimu ya samaki peke yake haikuweza kumjibu, wala elimu ya maji, wala ya ardhi, wala ya biashara, mpaka zote zilipoitwa kutoa ushahidi mahali pamoja. Na jambo hilo la kuziita pamoja, katika nchi zaidi ya moja, ndilo lililokuwa gumu kuliko utafiti wenyewe.

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwa upana huo halipitwi na ziwa lolote la Afrika. Lakini kina chake ni haba mno kwa ukubwa wake, kwani hata penye kilindi hapazidi sana mita 80, ilhali Tanganyika hushuka zaidi ya mita 1,400. Sehemu kama nne katika tano za maji yake haziletwi na mito bali hunyesha moja kwa moja juu ya uso wake, na sehemu iliyo kubwa hurudi angani kwa mvuke, kisha kinachosalia ndicho kitokacho Jinja kikawa Nili. Ni sinia pana, basi, yenye maji machache, ambayo mvua ikipungua au jua likizidi huona taathira yake upesi. Na sinia hiyo imegawanywa kwa Tanzania, yenye karibu nusu, na Uganda, na Kenya yenye sehemu 6 tu kwa mia, huku mto Kagera ukileta udongo na maji ya Rwanda na Burundi.

Waingereza, kwa sababu zao wenyewe za hazina na biashara, walitambua mapema kwamba uvuvi wa maji kama hayo haupimiki kwa nchi moja moja. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham aliuchunguza uvuvi wa ziwa zima, kwa kuwa ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alikuwa amekwisha kuadimika tangu zilipoingia nyavu za kutega. Na mwaka 1947 likawekwa Jinja shirika la Afrika Mashariki la kutafiti uvuvi wa maji baridi. Katika zama za shirika hilo ndipo lilipozuka shauri la kumleta sangara kutoka ziwa Albert na ziwa Turkana, kwa hoja kwamba furu ni wadogo, wana miiba, hawana soko, na kwamba samaki mkubwa angewageuza kuwa nyama yenye thamani. Geoffrey Fryer, bingwa wa viumbe wa majini, aliandika mwaka 1960 kulipinga shauri hilo, akaonya kwamba mla nyama mkubwa akitiwa katika maji yasiyomzoea hapana awezaye kutabiri mwisho wake. Onyo lake lilikuja wakati ambapo sangara alikuwa amekwisha kutiwa kwa siri tangu miaka ya kati ya 1950. Na miaka michache baada ya onyo hilo akatiwa tena, mara hii kwa idhini.

Kwa muda mrefu halikutokea jambo kubwa. Hata palipofanywa hesabu ya ziwa zima kwa nyavu za kukokotwa na meli, pale mwanzoni mwa miaka ya 1970, furu walikuwa bado kiasi cha sehemu 80 kwa mia ya uzito wa samaki wote wa chini. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na pamoja nayo yakavunjika mashirika yake ya utafiti: taasisi ya Jinja ikabaki ya Uganda, Kenya ikaunda yake mwaka 1979, na Tanzania mwaka 1980. Msomaji na azilinganishe tarehe hizo na zinazofuata. Sangara alifurika katika ghuba ya Nyanza, upande wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akafurika Uganda baada ya hapo, na katikati ya muongo huo huo akaijaza ghuba ya Mwanza. Yaani mageuzi makubwa kuliko yote yaliyopata kuandikwa katika ziwa hili yalipita katika miaka ile ile ambayo hapakuwa na chombo kimoja cha kuyatazama toka pwani hata pwani, na kila nchi ilihesabu samaki wake kwa kipimo chake. Kwa bahati njema watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwamo Frans Witte, walikuwa wameanza kazi Mwanza mwaka ule ule wa 1977 kwa nia ya kuwaainisha furu. Wakajikuta wakiandika, mwaka hata mwaka, orodha ya viumbe wanaotoweka mikononi mwao, hata ikadhaniwa kwamba aina zipatazo 200 zimekwisha kabisa.

Mpaka hapo hukumu yaonekana rahisi, na hapo ndipo wasimulizi wengi wanapofunga kitabu. Mimi huona kwamba shahidi aliye mkweli kuliko wote alikuwa hajaulizwa bado, naye ni tope.

Namna ya kumhoji ni hii. Bomba refu hushushwa kwa kamba kutoka chomboni hata lizame topeni kwa uzito wake, likazibwa juu ili lililomo lisiponyoke, likapandishwa taratibu likiwa wima. Kisha tope hukatwa vipande vyembamba kuanzia juu, tabaka la juzi, la jana na la zama za babu, kila kipande mfukoni mwake na namba yake. Umri wa kila kipande hujulikana kwa kupima ndani yake aina ya risasi yenye mnunurisho, iangukayo kutoka angani siku zote, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Halafu kipande hicho hicho hutiwa chini ya hadubini, zikahesabiwa diatomu, ambazo ni viani vya majini vyenye magamba ya silika yasiyooza, kila aina na umbo lake, na kila umbo likieleza maji yalikuwa safi au yamerutubika kupita kiasi; na mabaki ya vijidudu wa chini huonyesha kama kilindini mlikuwa na hewa ya kutosha. Dirk Verschuren na wenziwe waliitoa natija ya uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2002, nayo ilisema kwamba maji ya ziwa yalianza kurutubika tangu miaka ya 1930, na kwamba hewa ilianza kupotea kilindini mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hapo kadhia yote inageuka. Sangara hakufurika mpaka miaka ya 1980. Hawezi, basi, kushitakiwa kwa jambo lililoanza miaka hamsini kabla yake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mashamba yakafuata reli, misitu ikafyekwa, watu wakaongezeka, udongo ukashuka na mvua. Na fosforasi nyingi, kama walivyokuja kubaini wapimaji wa hewa, haikupita mtoni hata kidogo bali iliangukia ziwani kutoka angani, katika vumbi la mashamba makavu na moshi wa nyika zinazochomwa. Hayo ni mambo ambayo mtaalamu wa samaki, hata awe hodari namna gani, asingeyaona wavuni mwake.

Tope la chini zaidi lilileta mzozo mwingine, nao ndio unaonipendeza kuliko yote, maana ulizigonganisha elimu mbili ambazo kila moja ilikuwa na ithibati zake. Thomas Johnson na wenziwe, waliotoa makala yao mwaka 1996, walipiga mawimbi ya sauti sakafuni na kuchimbua tope refu, wakakuta chini ya tope laini tabaka gumu lenye vizizi, yaani ardhi iliyokuwa wazi juani. Wakahitimisha kwamba ziwa lilikuwa limekauka, likaanza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Maulamaa wa viumbe walitaharuki, maana furu wa ziwa hili ni aina kama 500, na ikiwa ziwa lilikauka ilipasa wote wawe wamezaliwa ndani ya muda huo, kwa kasi isiyopata kusikika kwa viumbe wenye uti wa mgongo. Wengine, kwa kupima tofauti za nasaba, wakadai kwamba furu ni wakongwe kuliko ukame huo. Waliohesabu tabaka hawakuwa tayari kusogeza tarehe zao, wala waliohesabu nasaba hawakuwa tayari kusogeza zao. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 2017, pale Joana Meier, Ole Seehausen na wengineo walipoonyesha kwamba furu wa ziwa hili ni kizazi cha machotara: kale sana zilichanganyika koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nili ya juu, na mchanganyiko huo ukawapa akiba kubwa ya tofauti za kurithi, ambayo ziwa lilipojaa walijigawia upesi upesi kwa kila kina, kila chakula na kila mwamba. Nasaba ilikuwa kongwe na aina zilikuwa changa, wala hapakuwa tena na haja ya mmoja kumwita mwenziwe mwongo.

Seehausen huyo huyo alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1997, kwamba majike wa furu humchagua dume kwa rangi, mwekundu kwa aina moja na buluu kwa nyingine, na kwamba maji yakitiwa weusi na viani, mwanga ukapungua, rangi hazitambulikani, na aina zilizotengwa na jicho peke yake huchanganyika zikarudi kuwa moja. Hapo samaki hutoweka pasipo kuliwa na yeyote; na mwenye sehemu ya kosa aweza kuwa mkulima wa mlimani ambaye hajapata kuliona ziwa.

Kisha iko elimu ya maisha ya watu, ambayo wenzangu wa sayansi aghalabu huiweka mwisho wa taarifa kama pambo. Furu na dagaa hukaushwa juani, na mama mwenye mtaji mdogo aliweza kuwanunua mwaloni, kuwaanika na kuwauza mwenyewe. Sangara ana mafuta, hakubali jua. Hukatwa vipande, hubanikwa au kukaangwa, na kazi hiyo hutaka kuni, na kuni hutoka katika miti ile ile iliyokuwa ikizuia udongo usiteremke ziwani. Viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza, Kisumu na Uganda, minofu ikapelekwa ng'ambo, kichwa na mifupa, yaani mapanki, vikabaki kwa wakaangaji wa mitaani. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 juu ya biashara hiyo ilipata sifa Ulaya na lawama za serikali ya Tanzania. Mimi niliona huruma yake ni nyingi kuliko hesabu zake, lakini wengi walioilaumu nao hawakuwa na hesabu.

Gugumaji nalitaja kwa ufupi. Lilipolivamia ziwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, Uganda, Kenya na Tanzania zililetewa mbawakawa wadogo wenye asili ya Amerika ya Kusini, adui wa mmea huo kwao, na mwishoni mwa miaka ya 1990 likanywea. Ila mvua za El Niño na mawimbi yake yalipita wakati ule ule, na mpaka leo wataalamu hawapatani ni nani aliyestahili shukrani zaidi.

Leo utafiti wa pamoja umerudi. Shirika la uvuvi la ziwa lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 lina makao yake Jinja. Tangu 1999 meli hulipima ziwa lote kwa sauti, na tangu 2000 wavuvi, vyombo na zana huhesabiwa mwaloni katika nchi zote tatu kwa fomu moja. Kipimo cha sauti hufanya kazi kwa sababu samaki ana mfuko wa hewa tumboni, ule ambao wachuuzi wa mabondo huuanika na kuuza Asia kwa bei kubwa, na mwangwi wa mfuko huo husikika chomboni. Lakini mwangwi hausemi jina la samaki, hivyo sangara mchanga huweza kudhaniwa furu, na hapana budi wavu uteremshwe palepale kuthibitisha.

Kwa hesabu hizo hizo wataalamu wamegawanyika katika swali lililo na kuni, nyavu na mashamba ndani yake. Wako wasemao sangara anapungua kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa makokoro, na dawa yake ni doria na kuchoma nyavu haramu. Wako wasemao kwamba wingi wa samaki katika ziwa hili umekuwa ukifuata rutuba ya maji kuliko idadi ya wavuvi, na kwamba hatari iliyo mbele ni rutuba hiyo kuzidi mpaka hewa ya kilindini iishe. Hoja ya kwanza humhusu afisa wa uvuvi aliye mwaloni; hoja ya pili humhusu bwana shamba wa Kagera, wa Kericho, wa Gitega, na ofisi ambazo hazijapata kuulizwa lolote juu ya samaki. Mpaka sasa nyavu ndizo zinazochomwa.