Kifaa Kizima, Mtandao Umezimwa

Piga *150*00# kwa simu janja, au *334# kama uko Kenya, na kabla menyu ya M-Pesa haijafunguka tupia jicho juu ya kioo, pale panapoandikwa 4G. Kwenye simu nyingi alama hiyo itatoweka, na mahali pake patatokea H, 3G au E. Ukimaliza kutuma hela, 4G inarudi. Simu si mbovu. Imeshuka kutoka mtandao mpya kwenda mtandao wa zamani kwa sababu kazi uliyoipa bado inafanyika huko.

Wengi wetu tunadhani 4G ilipoingia, 2G na 3G ziliondoka. Hazikuondoka. Minara ileile inarusha vizazi vyote kwa pamoja, kila kimoja kwenye masafa yake, na simu yako inahama kutoka kimoja kwenda kingine mara nyingi kwa siku bila kukuomba ruhusa. Sasa katika nchi kadhaa vizazi vya zamani vinazimwa, na kila vinapozimwa inagundulika kwamba kuna vitu vingi vilivyokuwa vikivitegemea kimyakimya, na simu ni kimojawapo tu.

Kiini cha jambo kiko kwenye namna mawimbi yanavyogawanywa. Simu ya kwanza kwenye mtandao wa kibiashara wa GSM, ambao ndio 2G, ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. GSM hukata masafa katika mikondo yenye upana wa kHz 200, na kila mkondo hutumiwa na wateja wanane kwa zamu, kama watu kwenye bomba la mtaa: unakinga kidogo, unampisha mwenzako, zamu inakurudia. Zamu moja huchukua zaidi kidogo ya nusu ya milisekunde, ndiyo maana sikio halisikii pengo. 3G iliachana na zamu. Ilichukua mkondo mpana wa MHz 5 na kuruhusu wote waongee wakati mmoja, kila mmoja na msimbo wake unaoitenganisha sauti yake na za wenzake. 4G nayo ikaukata mkondo kuwa nyuzi nyembamba za kHz 15, na kila kinachopita humo kikawa data, sauti ikiwemo. Haina njia ile ya zamani ya kupigia simu. Kwa hiyo simu ya 4G ina mambo mawili ya kuchagua: ama ibebe sauti kama data, uwezo unaoandikwa VoLTE kwenye mipangilio yake, ama ishuke kwenda 3G au 2G kila unapopiga.

Tofauti hizi zimo ndani ya chipu, ndani ya vichujio vya masafa, hata kwenye antena. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya 2G peke yake hakitajifunza 4G kwa kupakuliwa programu mpya. Mnara ukiacha kurusha 2G, kifaa hicho kitakuwa na umeme, kitakuwa na laini yenye salio, taa yake itawaka, na hakitampata mtu wa kuongea naye.

Kampuni za simu zina sababu za kweli za kuzima. Masafa hayazaliani. Mkondo unaotumiwa na wateja wachache wa 3G, ukikabidhiwa 4G, hupitisha data nyingi zaidi palepale. Mitambo ya zamani inakula umeme na vipuri vyake vinaadimika. Halafu kuna usalama, na hili nadhani lingestahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwenye 2G simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haulazimiki kujitambulisha kwa simu. Tapeli mwenye mtambo mdogo anaweza kujifanya mnara na kukutumia ujumbe unaoonekana umetoka benki. 3G ndiyo iliyoziba tundu hilo. Anayesema 2G idumu milele, anasema na tundu hilo lidumu.

Ninachopinga ni namna inavyofanyika, na Australia ni mfano mzuri kwa sababu ni nchi iliyojiandaa, na bado ikakwama. Telstra na Optus walianza kuzima 3G tarehe 28 Oktoba 2024, baada ya tarehe kusogezwa mbele. Kilichosababisha kusogezwa huko kilikuwa simu za 4G, tena nyingine zikiwa bado nzuri kabisa. Zilipiga simu za kawaida kupitia 4G bila shida, lakini ndani yake ziliwekwa maelekezo kwamba mtu akipiga 000, namba ya dharura ya nchi hiyo, simu ishuke kwenda 3G. Mwenye simu asingeweza kugundua. Angeongea na mama yake kila siku, angetazama video, na siku nyumba inaungua ndipo simu ingekataa. Serikali ikaamuru kampuni zisihudumie tena simu yoyote isiyoweza kufika 000. Uamuzi mgumu, na nauona ulikuwa sahihi. Lakini watu wakajikuta na simu ya 4G, iliyolipiwa, isiyo na ufa, inayokataliwa na mtandao wa 4G. Simu zilizonunuliwa nje ya Australia zilikuwa miongoni mwa zilizotiliwa shaka zaidi, kwa hiyo ndugu anayekwenda kusoma au kufanya kazi huko na simu ya Kariakoo ahakikishe inakubalika kabla hajapanda ndege.

Simu angalau ina mwenyewe anayeishika. Akitumiwa ujumbe, anausoma. Tabu kubwa ni kwa vile vifaa vyenye laini ndani ambavyo hakuna anayevikumbuka. Januari 2017, AT&T ilipokuwa imezima 2G yake Marekani, abiria wa San Francisco walikuta mabango ya vituoni hayawaambii tena basi linafika baada ya dakika ngapi. Mabasi yalikuwa barabarani kama kawaida. Vifaa vilivyotuma mahali yalipo ndivyo vilivyokuwa vya 2G, na ilibidi vibadilishwe basi kwa basi. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Februari 2022, AT&T hiyohiyo ilizima 3G. Kampuni za ving'ora vya moto na wezi zilikuwa zimeiomba serikali iwape muda zaidi, maana kubadilisha kifaa kunahitaji fundi aingie ndani ya nyumba ya mtu, na wakati wa korona watu hawakutaka mafundi majumbani, huku chipu zenyewe zikiwa hazipatikani. Tarehe haikubadilika. Miongoni mwa vifaa vilivyokuwa hatarini ni kile kidude ambacho mzee anayeishi peke yake huvaa shingoni ili akianguka abonyeze kitufe. Siku nyingine zote hakibonyezwi. Kikifa, hakuna anayejua mpaka siku atakapoanguka.

Uingereza ina takriban mita janja milioni 7 za umeme na gesi ambazo vifaa vyake vya mawasiliano vitahitaji kubadilishwa, kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya 2G na 3G, na 2G itazimwa huko ifikapo 2033. Umoja wa Ulaya nao ulilazimisha magari ya aina mpya, kuanzia tarehe 31 Machi 2018, yawe na mtambo wa kupiga 112, namba ya dharura ya huko, wenyewe ajali inapotokea. Mtambo huo ulijengwa juu ya 2G na 3G wakati kampuni za simu tayari zinapanga kuziaga. Gari hukaa barabarani miaka 15 au zaidi, na kila mtu aliyekuwa mezani alilijua hilo.

Kwetu 2G bado iko hewani, na simu za batani zinaitumia kila saa. Lakini tazama ni vitu vingapi tumevitia laini. Duka lenye mashine ya risiti ya EFD, zile zilizoingia Tanzania mwaka 2010, lina kifaa kinachotuma taarifa ya mauzo ya siku kwa mamlaka ya mapato, TRA, kupitia mtandao wa simu. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya mamlaka ya usafiri, LATRA, vya kufuatilia mwendo. Sola za kulipa kidogokidogo, kama zile za M-KOPA, zina laini ndani inayoiambia kampuni kwamba umelipa, ili taa iwake. Bodaboda za mkopo zimefichiwa kifaa chini ya kiti. Wakala ana mashine ya kadi kaunta. Mwenye duka ndiye aliyenunua EFD, na mwenye bodaboda ndiye atakayelipia kifaa kipya kwenye rejesho lake, awe ameambiwa au la. Hao hawakuwemo kwenye kikao cha kupanga matumizi ya masafa.

Tuliwahi kupitia kuzimwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam iliaga televisheni ya analojia. Watu walilalamika, lakini televisheni haikutupwa: ulinunua king'amuzi, ukachomeka waya nyuma, kioo kilekile kikaendelea. Kulikuwa na mahali pa kuchomeka. Mita ya umeme ya LUKU ilitoa somo bora zaidi, na kwangu hilo ndilo jambo la kujifunza kuliko yote. Mita hiyo haina laini, wewe ndiye unayeipelekea ujumbe kwa kubonyeza tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo mna hesabu ya dakika iliyoanza mwaka 1993, kwenye nafasi inayotosha dakika 16,777,216 tu, na nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Lakini waliobuni mfumo waliacha mlango: mteja alipewa tarakimu za ziada, akazibonyeza mwenyewe, hesabu ikaanza upya kwa msingi mwingine. Mita ileile, ukutani palepale, bila fundi. Hivyo ndivyo kifaa cha miaka 20 kinavyopaswa kufikiriwa.

Mlango wa namna hiyo unawezekana kwenye vifaa vya laini pia. Sehemu inayoongea na mnara inaweza kutengenezwa kama kipande kinachochomoka, kikabadilishwa bila kununua kifaa kizima. Tangu 2016 kuna aina mbili za mawasiliano ya 4G zilizotengenezwa mahususi kwa vifaa vidogo, LTE-M na NB-IoT, na hiyo ya pili inatosha kwenye nafasi ya mkondo mmoja wa zamani wa GSM. Si kwamba teknolojia haipo. Zabuni hutolewa kwa bei ya chini kabisa, na modemu ya bei ya chini kabisa, yaani hiyo sehemu inayoongea na mnara, ndiyo ya 2G.

Ningependa kila zabuni ya serikali ya vifaa vyenye laini iseme kifaa kitadumu miaka mingapi na mtandao wake umeahidiwa miaka mingapi, na namba ya pili isiwe ndogo kuliko ya kwanza. Ningependa pia kampuni ya simu inayotaka kuzima kizazi ilazimike kutangaza miaka kadhaa kabla. Yenyewe inaziona laini zinazotuma data kidogo kila siku kwa saa ileile bila kupiga simu hata moja, kwa hiyo ina uwezo wa kumtafuta mwenye kifaa.

Wakati hayo hayajawa sheria, geuza kifaa kabla hujalipa na usome kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimeandikwa GSM au GPRS peke yake, pengine na namba 900/1800, hicho ni cha 2G tu. Ukiona LTE, 4G au NB-IoT, kina umri mbele yake. Na kama muuzaji anakukopesha kwa miaka mitatu, mwambie aandike kwenye mkataba nani atakibadilisha mtandao ukizimwa kabla hujamaliza deni.