Kubadilisha giaboksi ya otomatiki

Kubadilisha giaboksi ya otomatiki ni kazi ya kuondoa giaboksi iliyoharibika katika gari ambalo gia zake hujibadilisha zenyewe, na kufunga nyingine mahali pake. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera, Tanzania, kazi hii wakati mwingine hufanyika nyumbani, uani au kando ya kibanja (shamba la migomba linalozunguka nyumba). Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Barabara ya lami kutoka Kyaka inafika Bugene, lakini njia nyingi za vijijini ni za changarawe na zina milima, hivyo gia hufanya kazi kubwa.

Jinsi giaboksi inavyofanya kazi

Giaboksi ya otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyofungwa katika magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Katika giaboksi za kisasa za aina hii, kati ya injini na gia huwa na toki konveta, yaani chombo cha mviringo kilichojaa oili. Injini huzungusha oili, nayo oili husukuma gia. Ndani ya giaboksi mna pampu inayozungushwa na konveta. Pampu hiyo husambaza oili inayolainisha, kupoza na kubana klachi za ndani.

Kutokana na muundo huo, gari la otomatiki kwa kawaida haliwezi kuwashwa kwa kusukumwa. Pia halifai kuvutwa mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi na gia husagana bila oili ya kutosha. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele likikwama Murongo na kutakiwa kufika Omurushaka, ni heri lipakiwe juu ya lori au magurudumu hayo ya mbele yainuliwe.

Kuhakikisha chanzo cha tatizo

Si kila gari linaloshindwa kupanda mlima linahitaji giaboksi mpya. Oili ikipungua, waya ukikatika au kebo ya gia ikilegea, dalili zinaweza kufanana na za giaboksi iliyokufa. Oili hupimwa kwanza. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na ina chembe za chuma, kuna uharibifu wa ndani.

Kuchagua giaboksi

Giaboksi nyingi zinazouzwa ni za mtumba, zilizotolewa katika magari kutoka Japani. Kufanana kwa jina la gari hakutoshi. Kwa mfano, Toyota Probox ya zamani yenye injini ya 1NZ-FE inayoendeshwa na magurudumu mawili hutumia giaboksi U340E, na ile ya magurudumu manne hutumia U340F. Alama hiyo husomwa kwenye kibati cha gari. Mnunuzi huangalia pia soketi za waya, harufu ya oili iliyobaki na kama konveta imo. Anayenunua Uganda na kuvuka Murongo au Mutukula anapaswa kulipia ushuru na kutunza risiti.

Usalama

Hatari kubwa kuliko zote ni gari kumwangukia fundi. Jeki ni ya kuinulia tu. Fundi haingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gari huwekwa juu ya stendi za chuma, mahali tambarare na pakavu. Uani penye udongo, chini ya kila stendi huwekwa ubao mpana na mnene ili isizame, hasa majira ya mvua. Matofali na mawe hayafai, kwani hupasuka au kuteleza ghafla. Magurudumu yaliyobaki chini huwekewa kabari. Giaboksi ya gari dogo ni nzito kiasi cha kumvunja mtu mbavu, hivyo hushushwa kwa jeki na kwa watu wawili au zaidi.

Hatua za kazi

Hatua hizi ni za gari dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele:

1. Tenganisha waya hasi wa betri, kisha mwaga oili ya giaboksi.
2. Ondoa shafti za magurudumu, soketi za waya, kebo ya gia, mipira ya oili na stata. Weka alama kila waya na kila bolti.
3. Fungua bolti za konveta moja moja, ukizungusha injini kwa spana.
4. Tegemeza injini, ondoa maunti, fungua bolti zinazoshika giaboksi na uishushe pamoja na konveta.
5. Safisha kipozea oili na mipira yake. Vumbi la chuma lililobaki humo huingia katika giaboksi iliyofungwa na kuiua.
6. Ingiza konveta katika giaboksi ukiizungusha mpaka izame kabisa na kushika pampu.
7. Pandisha giaboksi mpaka ikutane na injini yenyewe, kisha funga bolti na urudishe vifaa vyote.

Hatua ya sita na ya saba ndizo zinazoharibu giaboksi nyingi. Ikiwa kuna mwanya kati ya giaboksi na injini, usiufunge kwa kukaza bolti. Mwanya huo ni dalili kwamba kuna kitu kimezuia, mara nyingi konveta ambayo haijazama, na bolti zikikazwa pampu huvunjika. Giaboksi ikishakutana na injini, konveta inapaswa kuzunguka kwa mkono kabla haijafungwa.

Oili na majaribio

Hutumika oili iliyotajwa na mtengenezaji pekee. Oili za Toyota aina ya T-IV na WS hazibadilishani, na giaboksi za mkanda zina oili yake. Baada ya kujaza, injini huwashwa gari likiwa bado juu ya stendi, breki ikiwa imekanyagwa, na gia hupitishwa polepole P, R, N na D. Katika giaboksi yenye kijiti, oili hupimwa tena ikiwa na joto, injini ikinguruma. Jaribio la kwanza barabarani huwa fupi na tambarare, kisha uvujaji hukaguliwa.

Oili chafu haimwagwi kibanjani wala karibu na kisima au mto, kwani huchafua udongo na maji. Hukusanywa katika dumu lenye mfuniko na kupelekwa kwa wanaoipokea.